Mashahidi Wawili wa Mlango Mmoja

Kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote alikiona kwake ni jinsi alivyofunga mlango. Watu wengine husukuma mlango, wakasikia mlio wa kitasa, wakaenda zao. Yeye aliusukuma, akausikiliza, kisha akashika kitasa na kuuvuta tena kwa nguvu kana kwamba ana ugomvi nao. Ukikataa kufunguka, aliondoka ameridhika. Ukifunguka, aliutazama kama mtu anavyomtazama aliyemdanganya mchana kweupe, akaanza upya. Alifanya hivyo nyumbani, akafanya hivyo kazini, akafanya hivyo hata kwenye choo cha ofisi, hivi kwamba wenzake waliokuwa nje kwenye foleni walijua kwa sauti tu ni nani aliyemo ndani. Ukimuuliza kulikoni, alijibu kwamba sikio ni shahidi mmoja na mkono ni shahidi wa pili, na yeye hauamini mlango wenye shahidi mmoja. Karakana nzima ikamwita Mashahidi. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Karakana yenyewe ilikuwa juu ya duka la magodoro, katika chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Kazi yake ilikuwa kufufua mashine kubwa za kufulia, zile zinazomeza shuka za wodi nzima kwa mkupuo mmoja. Mwili wa mashine ya namna hiyo ni chuma, hauchoki upesi. Kinachokufa ni ubongo. Fundi Umeme, mwanamume mwembamba ambaye mzaha haukumkauka mdomoni, aling'oa nyaya zilizoungua na kufunga ubongo mpya, yaani bodi ndogo isiyozidi kiganja cha mkono. Mashahidi ndiye aliyeuandikia ubongo huo programu ya kuuambia maji yaingie lini, pipa lizunguke lini na lisimame lini. Bosi, mwenye karakana, alitafuta wateja na kuwabembeleza. Alikuwa mtu mwema, ila mteja akikunja uso kidogo tu, yeye tayari ameshaomba radhi.

Kazi kubwa kuliko zote waliyowahi kupata ilitoka hospitali ya mji, idara ya kufulia. Mashine zao zote zilitakiwa kufufuliwa, na ya kwanza ililetwa karakana kwa lori na kupandishwa ngazi na watu waliolaani kila hatua. Bosi alifurahi kupita kiasi. Mashahidi aliizunguka mashine ile, akapiga magoti mbele ya mlango wake wa duara, akaupitisha mkono kwenye ukingo wa pipa polepole. Alikuwa anaijua. Mama yake aliisimamia mashine hiyo ujana wake wote, na mdogo wake Mashahidi ndiye anayeisimamia sasa.

Mkono wa kulia wa mama yake haunyooki. Unaishia kwenye pembe, kama mkono wa mtu aliyebeba mtoto asiyeonekana. Siku ulipovunjika, alikuwa ameuingiza ndani ya pipa kuchomoa shuka zilizojisokota, mlango ukiwa wazi kabisa, na pipa likazunguka. Halikupaswa kuzunguka. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na swichi ndogo ambayo mlango ukifungwa huibonyeza, na ukifunguliwa huiachia, na kwa njia hiyo mashine hujua. Lakini swichi ile ilikuwa imelegea. Mara kwa mara iliiambia mashine kwamba mlango uko wazi katikati ya kufua, mashine ikasimama, maji ya sabuni yakapotea, na wafuaji wakalaumiwa. Kwa hiyo wakabuni dawa. Waliomba plasta wodini, ile ya kubandikia vidonda, wakaigandisha swichi ikae imebonyezwa daima. Zamu iliyotoka haikuiambia zamu iliyoingia. Plasta ilirithiwa kimyakimya kama mila.

Nyumbani jambo lile liliitwa bahati mbaya. Majirani walisema hivyo, mama mwenyewe alisema hivyo. Mashahidi, tangu akiwa msichana wa shule, alikataa katakata.

"Bahati mbaya haina gundi," alisema, na hakuna aliyeweza kumwondoa hapo.

Alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi wake ulikuwa wa aina moja. Mama alizoea kuwaambia yeye na mdogo wake: ukimaliza kazi utaenda kucheza. Mashahidi alimaliza, akaenda. Mdogo wake hakumaliza, na akaenda vilevile. Mashahidi alipofungua mashtaka, mama alicheka, akasema yeye aliahidi kwamba anayemaliza ataenda, hakusema kwamba asiyemaliza hataenda. Mtoto yule alikaa kizingitini akiwa amenuna mpaka jua lilipozama. Aligundua kwamba ahadi za watu wazima zina upande mmoja tu, na upande wa pili huachwa wazi ili wapate pa kupitia.

Alipofika chuoni akakutana na alama iliyokataa mchezo huo. Katika lugha ya zamani ya kompyuta iitwayo BASIC, iliandikwa kwa herufi tatu, EQV, na mwalimu aliieleza kwa maneno manne: ikiwa na ikiwa tu. Unaiweka katikati ya kauli mbili. Zote mbili zikiwa kweli, inajibu ndiyo. Zote mbili zikiwa uongo, inajibu ndiyo pia, kwa sababu bado zinakubaliana. Moja ikiwa kweli na nyingine uongo, inajibu hapana. Wanafunzi wenzake waliiandika kwa ajili ya mtihani na kuisahau. Yeye alihisi kama mtu aliyeonyeshwa dawa ya ugonjwa wa ukoo. Na kwa kuwa bodi walizotumia karakana zilielewa lugha hiyohiyo, hakuwahi kuachana nayo.

Sasa mashine ya mama yake ilikuwa imesimama mbele yake bila ubongo, na yeye ndiye aliyepewa kalamu.

Alimwomba Fundi Umeme aongeze swichi ya pili ndani ya komeo, mahali ulimi wa chuma unapoingia. Swichi ya mlango na swichi ya komeo, mashahidi wawili wa mlango mmoja. Hapo Bosi hakuwa na neno. Ubishi ulianza alipoona programu.

Bosi alitaka sentensi moja, kwamba swichi zote mbili zikisema mlango umefungwa, pipa lizunguke. Mengine aliyaita mapambo. Lakini juu ya sentensi hiyo Mashahidi alikuwa ameandika nyingine yenye zile herufi tatu. Ilisema kwamba swichi mbili zikikubaliana, mashine iendelee na kazi. Zisipokubaliana, iwashe taa nyekundu na ikatae kila kitu mpaka msimamizi aje na ufunguo wake.

Alimweleza Bosi kwa subira ambayo hakuwa nayo siku nyingine. Tuseme wamebandika plasta kwenye swichi moja. Kwa sentensi yako, alisema, mlango ukifungwa zote mbili zinasema umefungwa, pipa linazunguka, kazi inakwenda, na hakuna anayejua kwamba mashine imebaki na shahidi mmoja. Kesho wa pili naye analegea, wanambandika plasta. Hapo tumerudi kwenye mkono wa mama yangu.

"Shahidi mwongo humshiki mlango ukiwa umefungwa, bosi. Wakati huo hata yeye anasema kweli. Utamshika mlango ukiwa wazi, mwenzake anasema wazi, yeye anasema umefungwa. Sentensi yako haiulizi kitu mlango ukiwa wazi. Yangu inauliza kila wakati."

Bosi alijikuna shingo. Alisema sawa, aiache, mradi siku ya kumwonyesha mteja isilete aibu.

Siku hiyo ikaleta aibu.

Msimamizi wa idara ya kufulia alikuja mwenyewe, mama wa makamo mwenye viatu vya raba na macho yasiyopepesa. Alipewa kiti, akakataa kukaa. Mashahidi alikuwa amejiandaa kama bibi harusi. Kwenye kompyuta yake alikuwa ameijaribu programu kwa kila namna, na kila mara ilijibu ilivyopaswa. Basi mbele ya mgeni akachukua plasta, akaibandika kwenye swichi ya mlango, akaufungua mlango wazi na kusema sasa mtaona taa nyekundu.

Taa ya kijani iliendelea kuwaka.

Akaufunga mlango, akaufungua tena. Kijani. Akaibonyeza plasta kwa kidole gumba. Kijani. Alipoufunga mara ya mwisho na kubonyeza kitufe, pipa likazunguka kwa furaha zake, plasta ikiwa palepale.

"Kwa hiyo hiyo nyekundu ni ya urembo?" msimamizi aliuliza. Kisha akamgeukia Bosi na kusema kwamba yeye ana milima ya shuka chafu, alikuja kuona mashine inafua, hakuja kuangalia taa.

Fundi Umeme hakuweza kujizuia. Wakati Bosi anamsindikiza mgeni ngazini, alimnong'oneza Mashahidi, "Dada, hao mashahidi wako wamehongwa."

Mashahidi hakucheka, wala hakulia. Alivuta kiti mbele ya mashine, akaunganisha kompyuta yake na ule ubongo, akauamuru umwonyeshe jibu lenyewe la zile herufi tatu, namba tupu. Shahidi mmoja alikuwa anasema ndiyo, mwingine hapana. Jibu lilipaswa kuwa sifuri, maana sifuri ndiyo hapana ya kompyuta. Kwenye skrini kukatokea hasi mbili.

Aliikodolea macho namba ile mpaka chai yake ikapoa. Kisha akapiga paja lake kofi moja, akamwita Fundi Umeme na kumweleza, kwa sababu alikuwa lazima amweleze mtu au apasuke.

Fikiria, alimwambia, safu ndefu ya taa ndogo. Katika lugha hii, hapana ni safu nzima imezimwa, na ndiyo ni safu nzima imewaka. Ile alama yangu hailinganishi ndiyo na hapana kwa jumla. Inapita taa kwa taa, ikiuliza mnafanana, mnafanana? Nilipojaribu kwenye kompyuta, mimi ndiye niliyeigiza swichi, na nilisema ndiyo kwa lugha yenyewe, safu nzima. Mambo yakaenda sawa. Lakini swichi zako haziwashi safu nzima. Swichi yako ikisema ndiyo, inawasha taa moja tu ya mwisho, namba moja, zilizobaki ziko gizani. Sasa huyu kawasha moja, yule hakuwasha hata moja. Wametofautiana kwenye taa moja na kufanana kwenye nyingine zote. Alama ikarudisha safu ambayo karibu yote inawaka, na ubongo, ambao huhesabu kila kisichokuwa giza tupu kuwa ndiyo, ukaamua kwamba wamekubaliana.

Fundi Umeme alifikiri kidogo. "Kwa hiyo hawakuhongwa. Jaji ndiye aliyehesabu vibaya."

"Jaji ni mimi," alisema Mashahidi. "Na ninaandika hukumu upya."

Marekebisho yalikuwa mafupi. Kabla ya kuwalinganisha mashahidi, kila mmoja aulizwe peke yake: wewe ni kitu au ni sifuri? Swali hilo lugha hulijibu kwa ndiyo yake yenyewe, safu nzima, au kwa hapana yake yenyewe, giza tupu. Baada ya hapo ndipo herufi tatu zifanye kazi yao. Aliandika, akaifanya kompyuta ijibu kwa taa moja kama swichi zinavyojibu, na mara hii hapana ikawa hapana. Aliinuka aende kuujaza ubongo programu mpya.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Alikuwa ameshaongea na msimamizi. Alimwahidi kwamba taa nyekundu na mstari wake vitaondolewa, na mashine iende hospitali ikiwa rahisi kama sufuria. Wabebaji walikuwa njiani. Kosa limeonekana, Mashahidi alisema, na limeshatibiwa. Bosi alisema amefurahi kusikia, lakini mteja ameshakunja uso. Auweke ule mstari pembeni, wataujadili kwenye mashine nyingine.

"Sitaufuta," Mashahidi alisema.

Bosi alitabasamu kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize utani. Alipoona hakuna utani, alimwambia kwamba kufuta mstari mmoja ni kazi ya dakika.

"Basi ufute wewe. Lakini ukiufuta, nenda ukasimame wewe mbele ya lile pipa, uingize mkono wako."

Chini, wauza magodoro walisikika wakibishana na mteja. Bosi hakuwa amezoea kujibiwa hivyo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufoka, alifanya alichozoea. Alitazama saa, akasema mambo hayo yatazungumzwa kesho, akateremka kuwapokea wabebaji. Mashine ikaondoka na programu ya kwanza ndani yake, ile ya jaji aliyehesabu vibaya.

Jioni hiyo Mashahidi alifika nyumbani akiwa na moto kifuani, akitarajia kupata jeshi. Alipata upinzani. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye mkeka anajikanda miguu baada ya zamu, na aliposikiliza kisa chote, uso wake haukulainika.

"Dada, unajua nani anabandika plasta pale siku hizi?" aliuliza. "Mimi. Na wenzangu. Tunabandika kwa sababu swichi inalegea, mashine inasimama, na msimamizi anatufokea kama watoto. Sasa wewe unaleta taa ya kutusemea kwake. Itawaka usoni mwetu, haitawaka usoni mwa bosi wako."

Mama yao, aliyekuwa anakunja nguo kwa mkono mmoja na kiwiko, hakuinua macho. Alisema tu kwamba mdogo mtu hajasema uongo.

Walibishana kwa muda mrefu, wakati mwingine wakizungumza wote wawili kwa pamoja, huku mama akiwapitishia nguo za kukunja ili mikono yao iwe na kazi. Mdogo wake alimchokoza na kumuuliza, je, wakizibandika swichi zote mbili kwa siku moja, zitakubaliana milele, mashahidi waongo wote wawili, atafanya nini? Mashahidi alijibu kwamba hilo ameliwazia. Baada ya kila kufua, ubongo hautakubali kuanza tena mpaka uwasikie wote wawili wakisema wazi, kwa sababu shuka hazitoki bila mlango kufunguka. Mdogo wake akacheka kwa pua, akasema kweli wewe ni mtu wa kuogopwa. Lakini hakulegeza kamba. Alisema taa hiyo ataikubali kwa sharti. Swichi ifungwe vizuri isilegee tena, na taa ikiwaka anayeitwa awe fundi, asiwe mfuaji wa kufokewa.

"Hilo ni haki yenu," Mashahidi alisema. "Nilipaswa kulifikiria mimi."

Mama ndiye aliyebaki kuogopa. Alisema kazi ya karakana haipatikani kila mahali, na kwamba mkono wake umeshavunjika na kupona kwa namna yake, hakuna mstari wa kompyuta utakaounyoosha. Mwanangu, alisema, usinilipizie kisasi kwa ugali wako mwenyewe. Mashahidi aliuchukua ule mkono, akauweka kwenye paja lake na kumjibu kwamba kama ingekuwa kisasi angeshaacha. Mkono anaougombania ni wa huyu aliyekaa mkekani, na ya wale ambao hajui hata majina yao.

Asubuhi alimkuta Fundi Umeme kabla hajavaa koti la kazi, akamwomba kipande cha chuma cha kushikilia swichi ya mlango na nati zisizolegea kwa mtikisiko. Fundi alisema kipande anacho, na ujasiri pia anao, mradi usihitajike mbele ya Bosi. Lakini Bosi alipoingia, Fundi hakuondoka. Alijifanya anatafuta bisibisi.

Mashahidi alisema alichokuja kusema. Mashine iko hospitali na programu yenye kosa, na kosa hilo ni lake, atalitibu leo. Mstari haufutwi. Swichi itafungwa upya. Taa ikiwaka aitwe fundi. Na jaribio litafanyika mbele ya msimamizi na wafuaji wenyewe, kwa plasta, mlango wazi.

Bosi alikaa. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka kuliko alivyoonekana kuogopa. Alieleza kwamba hospitali ndiyo inayoibeba karakana, kwamba aibu ya jana bado inamuuma, na kwamba hawezi kusimama mbele ya mama yule mara ya pili taa ya kijani ikimcheka. Halafu akajikaza, na ilionekana kwamba maneno yale aliyafanyia mazoezi njiani.

"Sawa. Nenda kajaribu. Lakini taa hiyo isipowaka, usirudi hapa."

Bisibisi aliyojifanya anaitafuta ikamponyoka Fundi Umeme mkononi.

Mashahidi hakutetereka. Alimtazama Bosi kwa utulivu ambao mdogo wake angeutambua mara moja, kwa kuwa ulikuwa utulivu wa yule mtoto wa kizingitini.

"Umesema upande mmoja, bosi."

"Upande gani tena?"

"Umesema isipowaka, naondoka. Hujasema ikiwaka itakuwaje. Ikiwaka nikarudi hapa, ukaniambia mteja amekunja uso, futa mstari, hutakuwa umevunja ahadi yoyote. Nimeshaishi na ahadi za namna hiyo. Sema na upande wa pili."

Bosi alimgeukia Fundi Umeme kama anayeomba msaada, lakini Fundi alikuwa ameinama kuiokota bisibisi na aliinama kwa muda mrefu mno. Basi akauliza anataka aseme nini. Mashahidi alimwambia: taa ikiwaka, hakuna mashine ya hospitali itakayotoka karakana hii bila mstari ule, hata mteja akunje uso mpaka akunjike mwili mzima. Isipowaka, nitakuachia ufunguo wa kabati langu, wala sitaomba barua ya sifa.

"Mimi nikipoteza, napoteza kazi," aliongeza. "Ni haki na wewe uwe na cha kupoteza."

Chini, mtu alikuwa anapiga godoro kofi kuonyesha ubora wake. Mwishowe Bosi akasema taa ikiwaka, mstari unabaki kwenye mashine zote. Aliyasema taratibu, kila neno likitoka kama jino. Mashahidi akamwomba ayarudie, Fundi Umeme akiwa amesimama wima na kusikia. Akayarudia.

Idara ya kufulia ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba cha mvuke chenye sakafu isiyokauka, na mikokoteni ya shuka ikiwa imepangwa ukutani kama foleni ya wagonjwa. Fundi Umeme alifanya kazi yake kwanza. Alikaza kile kipande cha chuma, akakitikisa, akamwita mfuaji mmoja mwenye mikono minene akitikise naye. Mfuaji alitikisa mpaka akatokwa jasho, swichi haikucheza. Hapo wafuaji walianza kusogea mmojammoja, wakiacha meza zao za kunyooshea. Mashahidi aliujaza ubongo programu mpya, akachomoa waya, akafunga kasha. Hakupata nafasi ya kuijaribu kwenye ubongo huu wenyewe. Kwenye kompyuta ilijibu vizuri, lakini hata ile ya kwanza ilijibu vizuri kwenye kompyuta, na jambo hilo kila mtu aliyekuwa anajua alikuwa analikumbuka.

Msimamizi alikuja na viatu vyake vya raba, akauliza kama leo ni sinema nyingine. Mashahidi alimjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, mama, ni ileile, ila mwisho wake umebadilishwa, na akamwomba asimame karibu na taa ili asije akasimuliwa. Kisha akamweleza, kwa sauti ambayo wafuaji wote waliisikia, kwamba taa hiyo ikiwaka anaitwa fundi, na mfuaji hana kosa. Msimamizi alimtazama Bosi. Bosi alitikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyekuwa amemfundisha sehemu hiyo. Wafuaji wakanong'onezana, na mmoja akasema chinichini kwamba huyu dada lazima mdogo wake alimkaanga vizuri nyumbani.

Palibaki plasta.

"Nani ana mkono mzuri wa kubandika?" Mashahidi aliuliza.

Kicheko kilipita chumbani, kile kicheko cha watu waliofumaniwa pamoja. Mdogo wake akajitokeza. Alikata kipande kwa meno, akainama kwenye fremu ya mlango na kukipitisha kidole gumba mara moja tu, bila kuangalia sana, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake. Swichi ikaganda. Akaufungua mlango wa mashine mpaka mwisho, ulimi wa komeo ukining'inia hewani. Shahidi mmoja alikuwa amezibwa mdomo, mwingine yuko huru. Halafu, badala ya kurudi kwenye kundi, akasimama bega kwa bega na dada yake.

Bosi alikuwa kando ya mkokoteni, hajui mikono yake aiweke wapi. Aliishika nyuma, akaileta mbele, mwishowe akaishikilia shuka moja chafu bila kujua.

"Washa," Mashahidi alisema.

Fundi Umeme akasukuma swichi ya ukutani. Ndani ya kasha kukasikika mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Ubongo ule ukiamka huchukua muda kujikusanya. Hujikagua kwanza wenyewe, kisha maji, kisha moto, na mwisho kabisa ndipo huwauliza mashahidi wa mlango. Mpaka hapo taa zote mbili hukaa gizani. Msimamizi alikuwa ameinama mbele, pua yake karibu iguse kioo cha taa. Wafuaji waliokuwa nyuma walipanda juu ya ndoo zilizofudikizwa ili waone.

Mashahidi alikunja mikono kifuani, akayakaza macho yake kwenye vile vioo viwili vidogo, cha kijani na chekundu, ambavyo bado havikuwa vimesema kitu.